Neno Moja Katika Barua ya Mama

Mwezi uliopita mwanangu alinipeleka Kericho kwa gari lake, na tulipokaribia kiwanda fulani cha chai, ambacho jina lake nitaliacha, nilimwomba apunguze mwendo. Nilishusha kioo. Harufu ya majani mabichi yanayonyaushwa iliingia ndani, ile harufu nzito yenye utamu kidogo, kama nyasi zilizokatwa asubuhi zikasahauliwa juani. Mwanangu aliona nimefumba macho akauliza kama kichwa kinaniuma. Nilimwambia hapana, aendelee. Yeye sikumweleza. Wewe nitakueleza, kwa sababu tumezoeana, na kwa sababu nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Nililelewa ndani ya harufu hiyo. Mama yangu alikuja nayo nyumbani kila jioni, kwenye leso, kwenye nywele, kwenye viganja vyake vilivyokuwa na rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni. Tulikuwa watu wa kutoka upande wa Kisii, tumehamia shamba la chai baba alipofariki, na tuliishi watatu katika chumba kimoja: mama, nyanya aliyemzaa baba, na mimi. Nyumba za wafanyakazi zilipangwa mstari mmoja, paa la mabati likiunganisha milango kumi, na sisi tuliziita laini. Yetu ilikuwa laini ya juu, karibu na msitu. Kila alasiri mvua ya Kericho ilikuja kwa saa yake, nasi watoto tukakimbia kuanua nguo na kuni, halafu tukakaa mlangoni tukila mahindi ya kuchoma huku mabati yakipiga kelele hata usimsikie mtu aliye kando yako.

Mama hakuchuma chai. Alifanya kazi kiwandani, orofa ya juu, mahali majani yanaponyaushwa kabla ya kusagwa. Siku hizo kulikuwa na vitanda vya gunia vilivyotandazwa kimoja juu ya kingine hadi darini, na kazi ya wanawake ilikuwa kuyatandaza majani juu yake kwa mikono, kwa tabaka jembamba, sawasawa, asubuhi na jioni. Niliingia humo mara moja tu, nimempelekea chakula, na nikaona wanawake wakitembea kati ya vitanda wakirusha majani kama watu wanaolisha kuku, wakiimba polepole. Kutoka laini yetu walikuwa watano. Mmoja wao alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye sauti kubwa na mtoto mchanga mgongoni. Mume wake alikwenda Nairobi kutafuta kazi na hakurudi. Tuligawana naye chumvi, moto na maneno yote, maana ukuta ule ulikuwa mwembamba.

Mimi nilikuwa darasa la saba, miaka michache tu baada ya Uhuru, na mwisho wa mwaka ule ningefanya mtihani. Katika laini nzima ya juu hakukuwa na mtu mwingine aliyesoma Kiingereza. Nilikuwa wa kwanza darasani katika somo hilo na kila mtu alijua, kwa sababu nyanya alimwambia kila aliyepita. Watu waliniletea karatasi zao: kadi za kliniki, maandishi kwenye mifuko ya mbolea, hata kopo la dawa ya kuoshea ng'ombe. Nilisoma, nikaeleza, nikapewa ndizi. Nilikuwa nimeanza kutembea kwa maringo, nikuambie ukweli.

Ijumaa moja mwanzoni mwa mwezi, mama alirudi na barua ndani ya leso. Wanawake wote wa orofa ya juu walikuwa wamepewa. Karani aliwagawia mlangoni bila kusema kitu, na nyapara alipoulizwa alijibu kwamba barua imeeleza yote. Barua zilikuwa sawa, zimepigwa chapa, mistari minne au mitano. Wale wanawake watano walijaa chumbani kwetu na mikono yao ya kahawia, na jirani akanikabidhi yake, akiwa bado anahema kwa kupanda mlima.

"Soma tu, mwanangu. Soma kwa sauti hata nyanya asikie."

Nilisimama karibu na taa ya chemni nikasoma. Mwanzoni kulikuwa na neno la kusikitika. Nililichukulia kuwa heshima za barua, kama sisi tunavyoanza kwa salamu nyingi. Halafu ilisema kuhusu mashine mpya kiwandani. Halafu ilisema kwamba kuanzia mwisho wa mwezi mwenye barua atakuwa *redundant*. Mwisho ilimshukuru kwa kazi yake.

Nililisoma lile neno vizuri, kwa sauti ya mwalimu wangu. Lakini sikuwahi kuliona maishani mwangu.

"Sasa inamaanisha nini?" jirani akauliza. "Hiyo ya mwisho wa mwezi."

Hapo ndipo ningesema sijui. Ni neno dogo, sijui, na hata mtoto wa miaka miwili hulisema. Nilitazama nyuso zile, nikatazama nyanya aliyekuwa ameacha kuchambua mboga ili anisikilize, na neno hilo halikutoka. Wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa ametufundisha *abundant*: kitu kilicho tele, kama mvua ya kwetu. Na mapema kidogo alikuwa ametufundisha kwamba maneno mengi ya Kiingereza yanayoanza na *re* yana maana ya kurudia. Kichwa changu kikayashona yale mawili kama mtu anayeshona kiraka. Mashine mpya. Mwisho wa mwezi. Asante kwa kazi yenu.

"Inasema," nikaanza, "inasema mashine mpya zimekuja, na kuanzia mwisho wa mwezi mtapata tele. Tena na tena."

"Tele ya nini?"

"Neema," nikasema. "Wanawashukuru."

Jirani alipiga kigelegele mpaka mtoto mgongoni akaamka akilia. Mama hakupiga kelele. Aliichukua barua yake, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia, na akanishika bega kwa muda mrefu kidogo. Kesho yake jirani alichinja kuku wake wa mayai, yule mmoja aliyekuwa naye, akatualika wote kwa ugali wa wimbi. Firigisi, ambayo kwetu hupewa mwanamume mwenye nyumba, aliniwekea mimi kwenye sahani mbele ya watu. Niliitafuna mpaka taya zikachoka.

Unajiuliza kwa nini hawakumuuliza mtu mwingine. Waliona hawana haja. Jumapili kanisani tulisikia kwamba wanawake wa laini ya chini walikuwa wakilia, na jirani akasema kwa huruma kwamba basi hao ndio walioachishwa kazi, sisi tumebakizwa. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yake. Barua zilikuwa sawa, mimi mwenyewe nilikuwa nimezisoma tano, neno kwa neno.

Mwalimu wetu alikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga juu ya meza yake. Mtoto akikutana na neno gumu aliliandika kwenye kipande cha karatasi, akalitupa humo bila jina lake, na kila Alhamisi mwalimu alitoa machache akayaeleza. Jumatatu nilifika kabla ya wenzangu. Niliandika lile neno kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usitambulike, nikalisukuma chini kabisa ya kopo. Halafu nikaanza kuingoja Alhamisi kama mgonjwa anayengoja kuitwa kwa daktari.

Jumanne, kabla ya Alhamisi hiyo, alikuja mama wa maziwa. Alikuwa Mkipsigis, mwenye shamba lake dogo la chai na ng'ombe watatu ng'ambo ya mto, na alituletea maziwa kila asubuhi, na siku nyingine mursik, maziwa ya kuganda kwenye kibuyu yenye rangi ya mkaa. Siku hiyo hakuondoka baada ya kumimina. Alisimama mlangoni akasema, "Nimesikia hiyo mambo ya parua. Ndugu yangu kule Roret anatafuta akina mama wa kufanya kazi kwa chai yake. Anataka watano, sita hivi. Iko nyumba ya kulala. Mkitaka, niwaambie mapema, maana watu ni wengi."

Jirani alicheka, akacheka kwa wema. "Asante, mama. Peleka wale wa laini ya chini, hao ndio wana shida. Sisi tumepata neema hapahapa."

Mama wa maziwa alinitazama. Sijui kwa nini alinitazama mimi. Nilikuwa nimeshika sufuria ya maziwa.

"Haya," akasema. "Kama ni neema."

Aliwapeleka wale wa laini ya chini. Tuliwaona Jumatano wakiteremka na magodoro vichwani.

Alhamisi mwalimu hakuja. Alikuwa ametumwa mjini kuchukua chaki na vitabu. Nilikaa na wiki nzima mbele yangu. Chakula kilinishinda, na mama akasema ni mtihani unaonisumbua, akanikorogea uji wa wimbi wenye sukari nyingi kuliko kawaida. Alianza kupanga. Angemnunulia nyanya blanketi. Angenipeleka sekondari. Alipanga kwa sauti ya chini akimenya viazi, na mimi niliyasikia yote, na kila jioni niliamua kumwambia, na kila jioni nikaona aheri kesho. Kiwandani mafundi walikuwa wamemaliza kufunga mashine. Mama alisimulia kwamba ni mabakuli marefu ya bati, makubwa kama mitaro, na feni chini yake zinazopuliza majani yakanyauka bila kuguswa. Yeye na wenzake walikuwa wamesaidia kuzifagilia mahali pa kukaa.

Alhamisi ya pili mwalimu alilitikisa kopo, akatoa karatasi ya kwanza, akaeleza. Ya pili, akaeleza. Ya tatu aliitazama kwa muda, akaigeuza nyuma kuona kama kuna jina.

"Nani ameleta neno hili? Halimo katika kitabu chenu."

Mwalimu huyo hakuwa mtu wa kupiga watoto bila sababu, na hakutuuliza tena. Aliita wanafunzi wanne waje mbele, na mimi nikiwa mmoja wao. Akatuambia tulibebe dawati lake, tulipeleke kutoka dirishani hadi mlangoni. Tulilibeba, kila mmoja pembe yake. Kisha akatugusa mabega wawili, mimi na mwenzangu.

"Nyinyi, simameni pale ukutani. Haya, wawili mliobaki, lirudisheni."

Wakalirudisha. Lilikwenda vizuri tu.

"Hawa wa ukutani wamefanya kosa gani?" akauliza darasa.

"Hawana kosa, mwalimu."

"Ni wavivu?"

"Hapana, mwalimu."

"Ni wagonjwa?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi kwa nini wamesimama ukutani?"

Mgongo wangu ulikuwa umegusa ukuta wa udongo, na ulikuwa baridi.

"Kwa sababu dawati linakwenda bila wao," mwalimu akasema taratibu. "Mtu ana nguvu, ana mikono, anataka kazi, lakini kazi haimtaki tena. Wamepata njia ya kuifanya bila yeye. Huyo ndiye wanamwita *redundant*. Akisikia neno hilo, ajue anaambiwa aende." Akafuta mikono yake. "Nani atanipa sentensi?"

Sikuinua mkono. Nilisikia sauti yangu ikitoka yenyewe pale ukutani, ikisema kwa Kiingereza kwamba mama yangu ni *redundant*. Sentensi haikuwa na kosa. Watoto wawili watatu walicheka, kisha wakaacha, kwa sababu mwalimu alikuwa ameweka chaki chini.

Alinijia karibu. "Barua ilikuja lini?"

"Ijumaa ya wiki juzi, mwalimu."

"Na wao wanajua?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Alielewa, nadhani alielewa yote kwa mara moja, maana uso wake ulibadilika.

"Nenda nyumbani," akasema. "Kimbia."

Nilikimbia kupitia katikati ya chai, matawi yakinichapa miguu. Mvua ya mawe ilinikuta kabla ya mto, na sikujificha. Niliona ni haki inipige. Nilipofika laini, mama na wenzake walikuwa wametoka kazini mapema siku ile kwa sababu mashine zilikuwa zikijaribiwa, na walikuwa chumbani kwetu wakinywa chai ya rangi, nyanya katikati yao. Nilisimama mlangoni nikichuruzika maji.

Mama alisema, "Umefanywa nini?"

"Barua," nikasema. "Nilisoma vibaya."

Waliponielewa, jirani aliweka kikombe chini, akaenda chumbani kwake, akarudi na barua yake, akaninyooshea.

"Soma tena."

"Mama, mimi..."

"Soma tena. Neno kwa neno. Safari hii usiruke hata la kwanza."

Nikasoma. Nikasema wanasikitika. Nikasema mashine zimechukua kazi ya mikono yenu, na mwisho wa mwezi mnatakiwa kwenda. Nikasema hamkufanya kosa lolote, mwalimu amesema wanaoitwa kwa neno hili huwa hawana kosa. Nikasema hapo ndipo panapoishia.

"Na neema iko wapi?" jirani akauliza.

"Haimo."

"Ulitueleza kama mtu anayelijua hilo neno."

"Sikulijua."

Alichukua barua yake mkononi mwangu. Sauti yake kubwa ilikuwa imeisha kabisa. "Nilikupa firigisi," akasema. "Mbele ya watu." Akambeba mtoto wake akatoka, na tulimsikia kupitia ukuta, si akilia, akivuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Kulipokucha mama hakwenda kazini. Tuliondoka na umande, yeye na mimi, tukamchukua mama wa maziwa njiani atuongoze, tukatembea hadi Roret kwa ndugu yake. Njia nzima mama alitembea haraka, kama mtu anayekimbizana na gari. Tulimkuta yule ndugu akipogoa michai yake. Alitukaribisha kwa adabu, akatuletea viti na mursik kwenye vikombe vya bati. Mama hakuketi.

"Baba, hata nafasi moja? Mimi nalima, nachuma, nafagia. Nina mkwe wangu mzee na mtoto huyu tu."

Yule mtu alimtazama dada yake, kisha akatazama chini. "Mama, wamejaa tangu wiki jana. Hata nyumba wamelala wanne wanne. Ungekuja hiyo Jumanne, hata leo ungekuwa unachuma."

Mama alishukuru. Alikunywa mursik yote kwa heshima ya mwenyeji, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Tulipokuwa tumepita kona ya kwanza na mama wa maziwa ametangulia, aliketi ukingoni mwa barabara kwenye udongo mwekundu, akajifunika uso kwa leso. Tangu mazishi ya baba sikuwa nimemwona akilia.

Nilipiga magoti. "Mama, nipige."

"Nikikupiga," akasema ndani ya leso, "nafasi itarudi?"

Nilitamani anipige. Ningekuwa na kitu cha kuuguza. Badala yake aliinuka, akajipangusa vumbi, akasema Jumatatu niende shule kama kawaida.

Zile siku kumi zilizobaki walizunguka kila mahali. Walikwenda Litein, walikwenda Kapkatet, walibisha hodi kwa wakulima na kwa wenye maduka. Kila mahali wale wa laini ya chini, na wengine wa laini za mbali, walikuwa wamepita kabla yao. Mwishowe mama alisikia kwamba kule chini karibu na Fort Ternan, penye joto na miwa, wanachukua watu wa kupalilia bila kuuliza maswali. Shule kule ilikuwa mbali, na mtihani ulikuwa umebaki miezi miwili. Ndipo mama wa maziwa alipokuja, akasimama mlangoni pale pale aliposimama siku ile, akasema mtoto abaki kwake mpaka amalize. "Atanisaidia kukamua," akasema, kana kwamba sisi ndio tunaomfanyia wema.

Asubuhi ya kuondoka mama alifagia kile chumba na kukisiliba sakafu kwa udongo mpya, ingawa hakikuwa chetu tena, na alitoka kinyumenyume ili asiache alama za miguu. Nyanya alinishika kichwa kwa mikono yote miwili. Nilingoja aniambie jambo zito. Alisema, "Usile chakula cha watu halafu uache vyombo vichafu." Kisha wakateremka, mama na godoro kichwani, nyanya na fimbo yake na sufuria moja. Jirani alikuwa ameondoka siku moja kabla, peke yake na mtoto, bila kuaga mlango wetu.

Nilisafisha vyombo. Nilikamua, nilibeba maji, nilisoma kwa mwanga wa moto wa mama wa maziwa, na nilifanya mtihani wangu wa Kiingereza nikijua maana ya kila neno lililokuwemo, na sikufurahi. Siku iliyofuata nilishuka Fort Ternan. Nilimkuta mama mwisho wa mstari wa miwa, amekonda, macho yamekuwa manjano. Alinikumbatia kwanza. Halafu akanionyesha nyuma ya vibanda, penye tuta jipya la udongo lililowekewa mawe pembeni. Sisi watu wa baridi hatukuijua malaria. Nyanya alikaa nayo siku sita. Walikuwa wameamua nisiambiwe hadi nimalize, na aliyelitaka hilo ni nyanya mwenyewe, kabla hajafa.

Huwa najiambia kwamba alikuwa mzee. Huwa najiambia kwamba hata Roret angeweza kufa. Lakini Roret hakuna mbu, na sijaweza kulizunguka jambo hilo mpaka leo, na nywele zangu zote ni nyeupe.

Nilifaulu, nikaenda sekondari kwa msaada wa kanisa, nikawa mwalimu. Mama alipalilia miwa miaka minne kabla sijaweza kumtoa. Hakuwahi kunitajia ile barua, hata siku tulipogombana.

Jirani nilimwona mara moja tu, miaka mingi baadaye, katika foleni ya hospitali Kapkatet. Nilikuwa nimempeleka mwanafunzi aliyevunjika mkono. Sikumtambua, yeye ndiye aliyenitambua. Alikuwa amejikunja kama jani, na sauti ile imebaki ya kunong'ona. Nilimsalimu kwa kuinama, nikamuuliza kuhusu mtoto. Akasema yupo, anaendesha lori, amekua mrefu kama baba yake. Kisha akafungua fundo la leso, akatoa karatasi aliyopewa na daktari, akaninyooshea.

"Soma," akasema.

Niliipokea kwa mikono miwili, mtu mzima, mwalimu mkuu. Ilikuwa kwa Kiingereza, mistari michache, na katikati yake neno refu la kidaktari ambalo sikuwa nimewahi kukutana nalo.

"Mama," nikamwambia, "hili hapa silijui."

Alisogea kidogo kunipisha.

"Basi kaulize," akasema. "Nitakungoja."

Nilikwenda kwa muuguzi, nikauliza mara mbili, nikamfanya anieleze polepole. Nikarudi nikaketi kando yake kwenye benchi, nikamwambia vile ilivyokuwa, sikuongeza, sikupunguza. Haikuwa habari ya kumpa mtu. Aliitikia kwa kichwa mara mbili tatu, akaikunja karatasi, akaifunga tena kwenye fundo, na akaacha mkono wake wa kahawia juu ya wangu mpaka alipoitwa jina lake.

Alifariki kabla ya mwaka kwisha. Wale wengine watatu sijui walikoishia. Laini ya juu ilibomolewa zamani na michai ikapandwa juu yake hadi ukingo wa msitu, ukipita hutajua kwamba watu waliwahi kuanua nguo pale. Vitanda vya gunia vilichomwa. Hakuna mtu anayetandaza majani kwa mikono tena, na wale wanaojua wimbo uliokuwa ukiimbwa orofa ya juu, kama wapo, hawafiki watano. Mimi niliusikia mara moja tu, nimeshika bakuli la chakula, na maneno yake siyakumbuki.